Somo la Vijana: Vita vya Somalia na Askari Waliorudi



Mara hii somo letu halikutoka katika kitabu cha mafunzo. Lilitoka katika ugomvi. Jumapili moja baada ya ibada, vijana walipokuwa wanapanga mabenchi, kijana mmoja alimwambia binti mwenzake maneno haya: "Baba yako alikuwa mamluki. Alikwenda kuuza damu Somalia kwa dola." Binti huyo si mkimbizi kama sisi. Ni mwenyeji, Mrundi, anasali nasi kwa sababu nyumba yao imepakana na kanisa. Baba yake alikuwa askari. Aliondoka mwaka 2014 na hakurudi. Binti hakujibu neno. Alichukua Biblia yake akatoka, na Jumapili tatu hatukumwona.

Nilikwenda kumwona mama yake. Alinipa kiti, akanyamaza kwa muda, kisha akasema: "Mchungaji, mnawafundisha watoto vita vya Daudi na Wafilisti, vita vya watu waliokufa zamani. Hii ya waume zetu mbona hamfundishi?" Sikuwa na jibu. Kweli, tunaishi katika mji huu, tunapita kila siku mbele ya nyumba za askari hao, na vijana wetu hawajui vita hivyo vilianzaje, wala waliokwenda waliona nini. Wanajua mawili tu: dola na maiti. Basi tujifunze.

Walimu wa vijana, anzeni na ramani. Bujumbura iko kando ya ziwa Tanganyika. Mogadishu iko kando ya Bahari ya Hindi. Kati yake, ukipita angani, kuna karibu kilomita 1,900, na katikati kuna Tanzania na Kenya. Burundi haipakani na Somalia wala haina bahari. Askari wengi waliokwenda kule waliona bahari kwa mara ya kwanza katika maisha yao siku ile walipofika vitani. Vijana waangalie umbali huo kwanza, maana swali la kwanza watakalouliza ni hili: tulikwenda kutafuta nini kule?

Serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu mwezi wa Januari 1991. Tangu hapo wakubwa wa koo walipigana wao kwa wao. Wamarekani walikuja mwishoni mwa 1992, wakaondoka 1994. Umoja wa Mataifa nao ukaondoka mwaka 1995. Mwezi wa Juni 2006 Mahakama za Kiislamu ziliushika mji, na watu wengi wa Mogadishu walipumua kwa sababu vizuizi vya barabarani vya wanamgambo viliondolewa. Lakini Desemba mwaka huohuo jeshi la Ethiopia liliingia kuirudisha serikali ya mpito. Hapo ndipo vijana wenye silaha wa Mahakama hizo, walioitwa al-Shabaab, yaani "vijana", walipopata nguvu, kwa kuwa Wasomali wengi hawakupenda kuona jeshi la Ethiopia katika mji wao. Umoja wa Afrika uliamua Januari 2007 kutuma jeshi la kulinda amani lililoitwa AMISOM. Nchi nyingi ziliahidi askari, lakini waliofika kwanza ni Waganda, Machi 2007. Warundi waliwafuata mwezi wa Desemba. Kwa miaka kadhaa nchi mbili hizo zilibaki peke yake.

Sasa tufike kwenye jambo lililowagawanya watu. Walioliunga mkono jeshi kwenda walikuwa na hoja ambayo vijana hawaijui kabisa. Mwaka 2003, vita vya Burundi vilipokuwa bado vinawaka, askari wa Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji walikuja hapa Bujumbura chini ya Umoja wa Afrika. Ilikuwa kazi ya kwanza ya namna hiyo kwa Umoja huo tangu uzaliwe. Baadaye, mwaka 2004, Umoja wa Mataifa ukaichukua. Kwa hiyo walisema: jirani alikuja kuzima moto nyumbani kwetu, nasi tukiona moto kwa mwingine tutakaa tu? Mimi naona hoja hiyo ina uzito. Mwaka 2004 ndipo nami nilipovuka mpaka wa Kavimvira na mfuko mmoja mkononi. Nikaona askari wa mataifa ya mbali wakilinda barabara ya mji usio wao, na siwezi kusema haikunisaidia kitu.

Waliopinga nao hawakuwa wajinga. Walisema Burundi bado ina majeraha yake, watoto hawana madaftari, na vita vya Somalia vina mizizi ambayo askari wa Ngozi au Bururi hawezi kuijua. Walisema pia kwamba tutaletewa vita nyumbani. Tarehe 11 Julai 2010, watu waliokuwa wanatazama fainali ya Kombe la Dunia mjini Kampala walilipuliwa na mabomu, na zaidi ya 70 walikufa. Al-Shabaab ilisema hayo ni malipo kwa Uganda, na Burundi nayo ikatishiwa. Watu wa Bujumbura mnakumbuka tulivyoanza kupekuliwa mifuko kila mahali.

Halafu kulikuwa na hoja ya fedha, na hii ndiyo iliyotoka kinywani mwa kijana wetu. Tuiangalie bila haya. Umoja wa Ulaya ulikuwa unatoa dola 1,028 kwa mwezi kwa kila askari. Serikali ilikata karibu 200, askari akapata zilizobaki. Ni kweli kwamba fedha hiyo ilipita mara nyingi mshahara wa askari wa kawaida nyumbani. Ni kweli nyumba nyingi za matofali na mabati mapya mnazoziona zilijengwa kwa fedha hiyo, na wengine waliwasomesha wadogo zao, wakanunua pikipiki au shamba. Lakini mwaka 2016 Ulaya ilipunguza malipo mpaka dola 822. Tena mwaka huohuo, kwa sababu ya mgogoro wa Burundi, haikutaka tena fedha zipite mikononi mwa serikali, na askari walikaa muda wa karibu mwaka mzima wakipigana bila kulipwa, mpaka njia nyingine ya kuwalipa ilipokubaliwa mwanzoni mwa 2017. Hawakuacha mahali pao pa ulinzi. Mamluki asiyelipwa hurudi kwao. Hilo ningependa kijana wetu alifikirie.

Katika Injili ya Luka sura ya 3, askari walimwendea Yohana Mbatizaji kumwuliza wafanye nini. Hakuwafukuza, wala hakuwaambia waache kazi. Aliwakataza kuwaonea watu, akawataka waridhike na mshahara wao. Wengi wanapenda kuutumia mstari ule kumnyamazisha askari anayedai. Mimi nadhani una neno pia kwa yule anayetakiwa kumlipa.

Tuingie sasa katika maisha ya askari wenyewe, na hapa ndipo naomba walimu wakae muda mrefu.

Kabla ya Somalia, tukumbuke jeshi la Burundi lilikuwa ni kitu gani. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ulisema hakuna kabila litakalozidi nusu ya jeshi. Mwishoni mwa 2004 likaundwa jeshi jipya, waasi wa msituni na askari wa jeshi la zamani wakavaa sare moja. Hebu fikirini: watu waliowindana kwa miaka kumi wanalala chumba kimoja. Miaka mitatu baadaye wanapandishwa ndege kwenda vitani pamoja.

Kuna kaporali mmoja jirani yetu, aliyekuwa msituni upande wa waasi. Alinieleza kwamba Mogadishu aliwekwa zamu na sajini wa jeshi la zamani. Walikaa nyuma ya mifuko ya mchanga, usiku, hawaruhusiwi kuwasha hata sigara. Siku za kwanza hawakusemezana zaidi ya salamu. Usiku mmoja sajini alitaja kilima fulani cha Bubanza, na kaporali akashtuka, kwa sababu na yeye alikuwa kilima hicho siku ileile, upande wa pili. "Mchungaji," aliniambia, "tulihesabu siku, tukahesabu saa, tukaona kwamba ni yeye aliyekuwa anatupiga, na ni sisi tuliompiga." Nilimwuliza: mkafanya nini? Akasema: "Tungefanya nini? Kulikuwa na risasi mbele. Aliniambia nilale kidogo, yeye atalinda." Mpaka leo watu hao wawili hutembeleana wakati wa misiba.

Sitaki mfikiri Somalia iliponya jeshi lote. Mwaka 2015 tuliona jeshi likigawanyika katika jaribio la mapinduzi la mwezi wa Mei, na watu zaidi ya 400,000 wakaikimbia Burundi baadaye, wakawa wakimbizi kama sisi, wengi Tanzania. Lakini habari ya kaporali na sajini ni ya kweli pia, na vijana wanapaswa kuzisikia zote mbili.

Warundi walikaa katika majengo ya chuo kikuu cha zamani cha Somalia na katika chuo cha kijeshi. Hapakuwa tena na wanafunzi wala vitabu, ila kuta zenye matundu. Mji ulikuwa umegawanywa mtaa kwa mtaa. Al-Shabaab walichimba mahandaki chini ya barabara, na watu walipita nyumba hadi nyumba kwa kutoboa kuta, maana aliyetokea barabarani alipigwa na mdunguaji. Kaporali anasema unajua harufu ya jikoni ya adui, kwa sababu yuko nyumba ya tatu kutoka kwako. Anasema joto na chumvi ya bahari viliharibu bunduki na ngozi pamoja.

Lugha nayo. Kiswahili ni lugha ya jeshi la Uganda, na Warundi wetu, hasa waliokulia Buyenzi au Rumonge, wakawa wanaelewana na Waganda kwa Kiswahili hiki tunachosoma hapa. Lakini kwa Msomali ilibidi kumtafuta mkalimani. Mzee akija na mikono juu anapiga kelele, askari hajui kama anaomba maji au anamtahadharisha kuhusu bomu.

Jambo jingine ambalo halikuandikwa sana katika magazeti ni ugonjwa. Kati ya 2009 na 2010 askari zaidi ya 200 wa AMISOM walivimba miguu, wakashindwa kupumua, na wengine walikufa. Madaktari walifikiri kwanza ni maambukizo ya panya. Baadaye ikaonekana ni beriberi, ugonjwa wa kukosa vitamini B1. Walikuwa wamefungiwa kambini wakila chakula kilekile cha akiba. Nawaambia hili kwa sababu sisi wa kambi tunalielewa haraka kuliko wengine. Tunajua mtu anaweza kushiba kila siku na bado mwili ukaisha.

Na vifo. Tarehe 22 Februari 2009 watu wa kujilipua waliingia katika kambi ya Warundi pale chuo kikuu, askari 11 wakafa. Tarehe 17 Septemba mwaka huohuo magari mawili yenye alama za Umoja wa Mataifa yaliingia makao makuu ya AMISOM karibu na uwanja wa ndege, yakalipuka. Aliyekufa pale ni pamoja na Meja Jenerali Juvénal Niyoyunguruza, Mrundi, naibu kamanda wa jeshi lote. Mwanzoni mwa 2011 Warundi waliongoza mapigano makali na kuliteka jengo la zamani la wizara ya ulinzi, na tarehe 6 Agosti mwaka huo al-Shabaab waliondoka Mogadishu. Mji ukafunguka kidogo. Lakini Oktoba, mtaa wa Dayniile, Warundi waliingia katika mtego. Umoja wa Afrika ulisema askari 10 wamekufa. Al-Shabaab ilidai zaidi ya 70, ikawaita waandishi wa habari na kuwaonyesha makumi ya miili.

Hapa mwalimu asimamishe somo na awaulize vijana: tushike hesabu ya nani? Wasikimbilie kujibu. Waandike namba zote mbili katika daftari, na kando ya kila namba waandike aliyeisema na faida anayoipata akiaminiwa. Anayepigana hukuza vifo vya adui, na serikali hupunguza vifo vyake. Hata tarehe 3 Mei 2022, kambi ya El Baraf iliposhambuliwa, Burundi ilitangaza askari 10 waliokufa na al-Shabaab ikadai 173. Kati ya 10 na 173 kuna wake na akina mama wanaokaa karibu na simu.

Mmoja wao ni mama wa binti yetu. Mume wake alikuwa Leego, kambi iliyo kwenye barabara ya kwenda Baidoa, karibu kilomita 130 kutoka Mogadishu. Alfajiri ya tarehe 26 Juni 2015 gari lenye mabomu liligonga lango, wapiganaji wakaingia, kambi ikatekwa. Vyombo vya habari vilitaja zaidi ya 50 waliouawa. Mama alisikia redioni jina la Leego, akapiga simu, ikaita bila kupokelewa, kesho yake ikawa imezimwa. Aliendelea kuipiga kwa wiki kadhaa, akiweka franka za mkopo kwenye simu huku akijua. Anasema mume wake alikuwa akimpigia kila Alhamisi usiku na kila mara alisema kule ni kutulivu. Baada ya kifo chake ndipo wenzake walipomwambia kwamba mara nyingine alikuwa anapiga simu hiyo akiwa amelala chini ya gari.

Haitoshi kusikia machozi ya upande mmoja. Mwalimu asiache kuwafundisha vijana kwamba makombora ya AMISOM yaliangukia pia raia, hasa kuzunguka soko la Bakaara, ambako al-Shabaab walirusha yao kutoka katikati ya watu na majibu yakaanguka juu ya wauza vitunguu. Ilibidi jeshi lenyewe litunge kanuni mpya za kurusha makombora. Mwaka 2014 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ushuhuda wa wanawake na wasichana 21 waliotumiwa vibaya kingono na askari wa Uganda na Burundi katika kambi za Mogadishu. Wengine walikuwa wamekwenda kutafuta dawa au maji. Nilipolisoma hilo niliona aibu kwa niaba ya nchi inayonihifadhi. Mabinti zetu wanajua maana ya kuomba maji kwa mtu mwenye bunduki. Wasomali waliokimbilia Dadaab kule Kenya, na wale waliokufa kwa njaa ya mwaka 2011, karibu watu 260,000, nusu yao watoto wadogo, ni watu wa hali yetu. Askari mwema na askari mbaya walivaa kofia ya kijani ileile, na Msomali hakuwa na njia ya kuwatofautisha akiwa mbali.

Aprili 2022 AMISOM ilibadilishwa jina ikawa ATMIS. Jeshi jipya lililofuata Januari 2025 Burundi haikuingia, baada ya kutoelewana kuhusu idadi ya askari. Hivyo kazi iliyoanza Desemba 2007 iliishia Desemba 2024. Miaka 17. Vijana wengi wa darasa letu walizaliwa ndani ya miaka hiyo.

Najua wengine watauliza: na askari wa Burundi walioingia Kongo kwetu tangu 2022, mbona hukutaja? Sikusahau. Katika darasa moja tuna watoto wa pande zaidi ya mbili za vita hivyo, na majeraha hayajafunga. Nimechagua kuanza na vita vya mbali ili tujifunze namna ya kuuliza, kabla ya kuuliza juu ya vita vya mlangoni.

Kaporali amekubali kuja darasani Jumapili ijayo. Nilimwuliza ni swali gani hataki. Alisema: "Wasiniulize nimeua wangapi. Kila mtoto huuliza hilo." Basi msimwulize. Mwulizeni alikula nini, alilala wapi, alimwogopa nani, alimwambia nini mkewe kwenye simu na alimficha nini. Mwulizeni kama angekwenda tena. Akinyamaza, mwacheni anyamaze. Asikae mgongo ukielekea mlangoni, hapendi, kwa hiyo benchi lake liwekwe ukutani. Mvua ikianza juu ya mabati na akatoka nje, asifuatwe na mtu. Atarudi mwenyewe.

Kijana aliyesema lile neno alikwenda na mimi kwa mama, Jumatano jioni. Hakujua kuomba radhi kwa Kirundi, akaomba kwa Kiswahili. Mama alimpa chai. Binti alikuwa jikoni, hakutoka, lakini alipotuaga mama yake alituambia kwamba ana swali lake kwa kaporali na ameliandika kwenye karatasi.

Tutaanza saa nane kamili mchana. Kila mmoja aje na daftari, na atakayeweza alete ramani ya Afrika, ile yetu imechanika upande wa Somalia.